Kioo cheusi, feni inazunguka: kabla hujakubali kwamba ubao mama umekufa

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Kompyuta yangu mpakato ilizimika ghafla nikiwa naitumia. Sasa nikibonyeza kitufe taa inawaka na feni inazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi. Fundi wa kwanza aliiwasha tu, akasema ubao mama umekufa, ninunue nyingine. Wa pili aliifungua, akasema ni RAM, akaweka mpya. Ikafanya kazi vizuri siku mbili, kisha ikarudia yale yale. Kazi yangu yote ya chuo imo humo. Nimwamini yupi, na nifanye nini sasa?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Katika maelezo yako kuna jambo moja lenye uzito kuliko kauli za mafundi wote wawili: zile siku mbili ambazo kompyuta ilifanya kazi. Ubao mama, yaani ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote, ukishakufa haufufuki kwa siku mbili. Kwa muda wote huo prosesa (chipu kuu inayoendesha kazi zote) ilifanya kazi, kioo kilionyesha picha, diski ilisomeka na umeme ulifika kila unapotakiwa kufika. Kwa hiyo tunatafuta hitilafu inayokuja na kuondoka: mguso usioshika vizuri, waya unaokatika kwa ndani, kipande kinacholegea kikipata moto, au umeme unaoyumba mahali fulani kwenye bodi. Ubao mama haujatoka kwenye orodha ya washukiwa, ila unakaa mwisho.

Fundi wa pili simlaumu kwa kuanza na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini. Dalili zako ndizo hasa zinazomfanya fundi yeyote aitazame RAM mapema. Tatizo ni kwamba alibadilisha mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Ili aifikie RAM ilibidi achomoe betri (natumaini aliichomoa), na hapo mabaki ya umeme kwenye bodi yakaisha, na ile chipu ndogo inayosimamia kitufe, chaji na feni ikaanza upya. Alipong'oa kipande cha zamani na kusukuma kipya, alisugua pini za tundu na kuondoa uchafu au kutu nyepesi kama ilikuwepo. Baada ya hayo ndipo RAM mpya ikaanza kazi. Lolote kati ya hayo matatu lingeweza kuiamsha kompyuta yako. Mashine kupona baada ya kipande kubadilishwa hakuthibitishi kwamba kipande kile ndicho kilikuwa kibovu, na hapa ndipo wateja wengi wanapolipia vitu wasivyovihitaji. Mwombe akurudishie RAM yako ya zamani. Ni mali yako, na utaihitaji kwenye kipimo nitakachokueleza.

Lakini kwanza tuokoe kazi ya chuo, maana hiyo hainunuliki. Kioo kuwa cheusi hakumaanishi kwamba mafaili yamepotea. Kompyuta nyingi zina diski inayochomoka: ya zamani kidogo ni ya inchi 2.5, na za sasa ni kijiti chembamba cha M.2 kinachoshikwa na skrubu moja. Unaichomoa, unaiweka kwenye kasha la USB, unaisoma kwa kompyuta nyingine. Angalia tu kwamba vijiti vya M.2 vipo vya SATA na vya NVMe, na kasha lazima lilingane na ulicho nacho. Kwenye baadhi ya mashine nyembamba, zikiwemo MacBook za miaka ya karibuni, hifadhi imelehemiwa kwenye ubao wenyewe na haitoki. Kwa mashine ya namna hiyo, njia ya kuyafikia mafaili ni kuuwezesha ubao uwake tena, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokubali utupwe haraka.

Kuna kikwazo ambacho watu hukigundua wakiwa wamechelewa. Kompyuta nyingi zenye Windows hufunga diski kwa BitLocker, ulinzi unaofanya diski isisomeke pasipo ufunguo, na mwenyewe hana habari. Ukiichomeka kwenye mashine nyingine itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoitumia siku ya kwanza ulipoisajili kompyuta. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu leo hii, uutafute na kuunakili. Hata ukija kubadilishiwa ubao mama utadaiwa ufunguo huohuo, kwa sababu siri iliyokuwa ikiifungua diski kimyakimya inaondoka na ubao wa zamani.

Sasa tuingie kwenye uchunguzi wenyewe. Swali la kwanza la kujibu ni hili: kompyuta haiwaki, au inawaka ila wewe huoni? Taa na feni havijibu swali hilo. Feni huanza kuzunguka mapema mno, kabla prosesa haijathibitisha kwamba RAM ipo na kabla picha yoyote haijatengenezwa. Kwa hiyo feni inakuambia kwamba umeme mkuu umefika ndani, na hapo inaishia.

Iwashe, isubiri dakika mbili au tatu, kisha bonyeza Caps Lock mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, prosesa inafanya kazi na programu zimeanza; una kompyuta nzima isiyoonekana. Kama ni Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huanzisha upya mfumo wa picha, na kwa kawaida utasikia mlio mfupi. Zima taa za chumbani, washa tochi ya simu na kuielekeza kwenye kioo kwa mshazari, karibu kabisa. Ukiona kwa mbali maandishi au alama ya kampuni, basi picha ipo na kilichozimika ni taa ya nyuma ya kioo. Chomeka pia televisheni au skrini nyingine kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, RAM na prosesa zimeachiwa huru, unabaki na kioo, waya wake na soketi yake. Isipotokea, usihukumu bado, kwa sababu mashine nyingine hazitoi picha nje mpaka Windows iwe imeshapanda.

Ukiwa na Dell, shikilia herufi D huku ukibonyeza kitufe cha kuwashia. Kioo kizima kitaonyesha rangi moja baada ya nyingine bila kuihusisha Windows. Na usiache kuhesabu mimweko ya taa. Kompyuta nyingi husema zenyewe zinaumwa wapi: kwenye aina nyingi za Dell za miaka ya karibuni, mimweko 2 ya rangi ya chungwa ikifuatiwa na 3 myeupe maana yake RAM haijaonekana kabisa, 2 na 4, RAM imeonekana lakini imeshindwa kipimo, 2 na 7, kioo. Kampuni nyingine zina hesabu zake, kwa kumweka au kwa mlio, na zimeandikwa kwenye kitabu cha huduma cha kila aina ya mashine. Inasikitisha kuona mtu amelipia ubao mama wakati taa ilikuwa ikitaja RAM kila alipoiwasha.

Kama dalili zinaonyesha inawaka ila haionekani, lielekee kioo, hasa waya wake. Waya huo hupita kwenye bawaba na kukunjwa kila unapofungua na kufunga kompyuta. Ichezeshe skrini taratibu mbele na nyuma ikiwa imewashwa. Picha ikija kwenye pembe fulani na kupotea kwenye nyingine, mshukiwa umempata. Waya mpya ni kitu kidogo ukilinganisha na kioo kizima.

Kama Caps Lock haijibu, tochi haionyeshi kitu na HDMI iko kimya, basi kompyuta inakwama njiani kabla ya kufika kwenye picha. Hapo anza na lile lisilohitaji bisibisi. Chomoa chaja na kila kilichochomekwa. Kama betri inachomoka kwa nje bila kufungua kifuniko, itoe. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha chaja peke yake, uwashe. Kazi yake ni kuondoa umeme uliobaki kwenye bodi, na mara nyingi hutosha kuizindua ile chipu ya usimamizi ikiwa imeganda. Ikiwaka kwa njia hiyo leo na kuganda tena kesho kutwa, utakuwa umejifunza jambo kubwa: huenda RAM ya fundi wa pili haikuhusika kabisa. Kama ni HP, ipo pia njia ya kurejesha BIOS, ile programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa: shikilia kitufe cha Windows pamoja na herufi B, kisha bonyeza cha kuwashia huku umeshikilia hivyo.

Isipojibu, tufungue. Hapa nakuomba uende polepole, maana nimepokea mashine nyingi zilizofika na hitilafu mbili: ile ya mwanzo, na ile iliyotengenezwa wakati wa kufungua.

Kitu cha kwanza kukigusa ukishaondoa kifuniko cha chini ni kichwa cha betri. Kichomoe kabla ya kingine chochote. Kuzima kompyuta hakutoshi, kwa sababu bodi inaendelea kupata umeme wa betri muda wote. Mahali pa hatari kubwa ni soketi ya waya wa kioo. Ndani ya soketi hiyo ndogo, pini za umeme wa taa ya kioo, ambao kwenye mashine nyingi ni volti 12 hadi 20, ziko umbali mdogo mno kutoka pini za data zinazotumia volti chache tu. Ukiuchomoa waya huo kwa mshazari huku betri imeunganishwa, pini zinagusana kwa nukta ya sekunde. Mwenye bahati anaunguza fyuzi yenye ukubwa wa punje ya mchanga. Asiye na bahati anaunguza prosesa, kwa kuwa kwenye kompyuta nyingi za sasa zile njia za data zinatoka kwenye prosesa moja kwa moja.

Panga skrubu kwa mfuatano wa zilikotoka, maana urefu wake unatofautiana. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hupenya na kukwaruza njia za shaba za bodi, au kuvimbisha plastiki upande wa kibodi. Zile nyaya bapa za kibodi na kipanya cha kugusa usizivute. Soketi zake nyingi zina kikofia chembamba cha kuinua kwa ukucha ndipo waya utoke wenyewe. Na betri ukiikuta imevimba, simama hapo. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Mpelekee fundi aitoe na ipelekwe mahali panapopokea betri mbovu. Betri iliyovimba inaweza hata kuusukuma ubao ukapinda kidogo, na ubao uliopinda huleta hitilafu za kuja na kuondoka zinazofanana na zako.

Sasa RAM, ambayo ndiyo ninayoishuku zaidi. Kila kipande kimeshikwa na vibanio viwili vya chuma, kimoja kila upande. Vifungue kwa pamoja, nacho kitainuka chenyewe kwa pembe. Kitazame ukingoni kwenye mwanga mzuri. Ule mstari wa miguso ya dhahabu unatakiwa uwe na rangi moja mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi utaona ukungu hafifu, au vidoa vyeusi kwenye miguso michache. Ifute kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa kufuata urefu wa miguso. Wapo wanaotumia raba ya kufutia penseli. Inafanya kazi, ila makombo yake yakibaki ndani ya tundu utakuwa umetengeneza tatizo jipya. Piga tochi ndani ya tundu pia, uangalie kama kuna pini iliyolala au kuzama kuliko wenzake. Wakati wa kurudisha, kiingize kwa ule mshazari wake mpaka dhahabu karibu yote ipotee ndani, kisha kilaze mpaka vibanio vyote viwili vilie. Nimekuta mara nyingi kibanio kimoja kimeshika na kingine kiko wazi. RAM iliyokaa hivyo hufanya kazi vizuri mezani, halafu inakataa ukiibeba kompyuta kwenye mkoba.

Kipimo chenyewe ni cha kubadilishana. Weka RAM mpya peke yake tundu la kwanza, washa. Ihamishie tundu la pili, washa. Fanya hivyohivyo kwa ile ya zamani, na uandike matokeo. Ikiwa RAM zote mbili zinakataa tundu moja na kukubali jingine, tundu au njia zake ndizo mbovu, na unaweza kuendelea kwa kutumia tundu zima huku ukijipanga. Ikiwa moja inakataa kokote inakowekwa na nyingine inakubali kokote, kipande hicho ndicho kibovu. Zikikubali zote, kosa lilikuwa mguso. Zikikataa zote kila mahali, tunaelekea kwenye ubao. Kila mara chomoa kichwa cha betri kabla ya kubadilisha, na usiwe na haraka ya kuizima ukiona kioo cheusi: mashine yenye RAM mpya huipima na kujipanga upya kwanza, na kwa RAM ya kizazi cha DDR5 zoezi hilo huweza kuchukua dakika kadhaa. Wapo wanaokatisha hapo na kutangaza RAM mbovu ilhali ilikuwa ikifanya kazi yake.

Hakikisha pia RAM uliyowekewa inafaa. Vizazi vya RAM vya DDR3, DDR4 na DDR5 haviwezi kubadilishana tundu, kwa sababu mkato wake uko mahali tofauti. Mtego uko kwenye DDR3: ya kawaida hutumia volti 1.5 na ile yenye herufi L (DDR3L) hutumia 1.35. Zinaingia tundu moja, lakini kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa ya 1.35 hukataa ya 1.5 au huyumba nayo. Kompyuta ikishawaka, usiridhike kwa kuona Windows. Iache usiku kucha ikiendesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye fleshi. Hata kosa moja linalojirudia linatosha kuikataa RAM hiyo.

Joto nalipitia haraka. Vumbi na pesti (ule ute wa kupitisha joto) iliyokauka juu ya prosesa kwa kawaida huleta uzito na kuzimika ghafla, kwani prosesa nyingi hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Hazileti kioo cheusi tangu mwanzo. Lakini ukigundua kwamba inawaka vizuri asubuhi ikiwa baridi na kukataa ikiwa na moto, mweleze fundi hivyo hivyo, kwa sababu hiyo ni alama ya lehemu iliyopasuka au kipande kinachochoka.

Vipimo vyote vikikataa, hapo ndipo ubao mama unapoingia, na hata hapo "umekufa" ni neno pana mno. Fundi wa bodi anatakiwa akuonyeshe umeme unaishia wapi. Kwa multimita atapima kama volti 19 au 20 za chaja zimeingia, kama 3.3 na 5 zipo, kisha umeme wa prosesa na wa RAM. Kwa DDR4 anatafuta volti 1.2, DDR5 ina kisimamia umeme juu ya kipande chenyewe, kwa hiyo tunduni atakuta 5. Kwa kuwa feni yako inazunguka, njia kuu ya umeme haijapiga shoti. Tatizo la bodi, kama lipo, liko mbele zaidi: usimamizi wa umeme wa prosesa, njia za RAM, au chipu ya BIOS ambayo programu yake imeharibika. Hiyo ya mwisho huwa ni chipu ya miguu 8, huandikwa upya kwa kifaa maalumu bila kubadilisha chochote. Kapasita moja iliyopiga shoti ni ndogo kuliko punje ya mchele, na ikiondolewa ubao wote hurudi. Kwa hiyo muulize maswali mawili: volti ipi haipo, na umeipimia wapi? Aliyepima atakuwa na jibu, na atakuonyesha mahali.

Akikwambia ataichoma chipu kwa moto ili "irudi", kataa. Desturi hiyo ilienea miaka ambayo chipu za picha za kompyuta mpakato ziliharibika kwa wingi. Mwaka 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa gharama zilizotokana na chipu zake zenye vifungashio dhaifu. Ufa ulikuwa ndani ya chipu yenyewe, kati ya kijiwe cha silikoni na kitako kinachokibeba, hivyo moto uliurudisha mguso kwa siku au wiki, kisha ukaachia tena. Wateja walilipa mara mbili, na bodi nyingi zilizokuwa za kutengenezeka zikaharibika kabisa kwa moto huo.

Leo fanya haya: tafuta ufunguo wa BitLocker, jaribu kitufe kwa sekunde 30, angalia Caps Lock, tochi na HDMI, na hesabu mimweko. Ikiwaka hata kwa muda mfupi, nakili kazi ya chuo kabla ya kupima kitu kingine. Kisha niandikie aina kamili ya kompyuta kama ilivyo kwenye kibandiko cha chini, RAM ipi ilikubali tundu lipi, na taa imemweka mara ngapi na kwa rangi gani. Kwa hayo nitakuambia kama ni kazi ya kumalizia nyumbani au ya kumpelekea fundi wa bodi.